Somo la Juma Hili: Kusema na Wanaotusimamia Kazini



Juma hili tujifunze jambo linalotugusa karibu wote tunaotoka Garland alfajiri kwenda maghalani, hospitalini na kwenye nyumba za wazee: namna ya kusema na wakubwa wetu wa kazi, na namna ya kuwaelewa wanaposema nasi.

Tuanze na kisa cha hapa Dallas. Usiku wa 25 Septemba 2014, Thomas Eric Duncan, mgeni kutoka Liberia, alifika hospitali ya Texas Health Presbyterian akiwa mgonjwa. Muuguzi aliandika kwenye kompyuta kwamba ametoka Afrika. Habari hiyo haikufanyiwa kazi. Alipewa dawa akarudishwa nyumbani. Tarehe 28 alirejea kwa gari la wagonjwa, tarehe 30 ikathibitishwa kuwa ni Ebola, na tarehe 8 Oktoba akafariki. Wauguzi wawili waliomhudumia waliambukizwa, wakapona. Hospitali iliomba radhi hadharani. Mimi kama muuguzi, kinachoniuma ni kwamba swali liliulizwa na jibu likaandikwa. Lakini kuandika siyo kufikisha.

Sasa tujitazame. Wengi tumelelewa kwamba mkubwa akisema, mdogo huitikia. Supavaiza akiuliza kama tumeelewa tunasema ndiyo, hata kama nusu ya maneno imetupita. Kwetu hiyo ni heshima. Kwake ni ahadi, na kosa likitokea ataona umemdanganya. Naye ana desturi yake: anaanza kwa kukusifu, anatabasamu, kisha katikati anapitisha onyo. Unarudi nyumbani ukifurahi kwamba umesifiwa, kumbe umeonywa. Nimeliona hili mara nyingi mno.

Hospitalini tunafundishwa kutoa taarifa kwa hatua nne: hali ilivyo, kilichotangulia, unavyoona wewe, na unachoomba. "Bibi wa chumba cha tatu amechanganyikiwa. Jana alianguka. Naona hali yake inazidi kubadilika. Naomba uje umwone sasa." Hata wa ghalani anaweza kusema hivyo kuhusu mashine mbovu. Sisi hukwama kwenye hatua ya nne. Tunaeleza, tunaeleza, kisha tunanyamaza tukitumaini mkubwa atajiongeza. Hajiongezi. Watumishi wa Naamani, katika 2 Wafalme 5, walimwita bwana wao baba, na papo hapo wakamwambia walichotaka afanye, ijapokuwa alikuwa amekasirika.

Anayeogopa kufukuzwa haogopi bure. Hapa Texas, mara nyingi mwajiri anaweza kumwachisha mtu kazi bila kutoa sababu. Hata hivyo kinga zipo. OSHA, ofisi ya serikali kuu inayosimamia usalama kazini, inataka mafunzo ya usalama yatolewe kwa lugha ambayo mfanyakazi anaielewa, kwa hiyo kuomba uelezwe upya siyo aibu. Ukiadhibiwa kwa sababu ulitaja hatari, una siku 30 tu za kupeleka malalamiko kwao. Usikae nayo moyoni mpaka Krismasi. Wauguzi tuna pia sheria ya Texas iitwayo Safe Harbor: ukipangiwa kazi ambayo kwa nia njema unaona itamhatarisha mgonjwa, unaitangaza kwa maandishi wakati ule ule, siyo baada ya shifti kwisha, na sheria inailinda leseni yako.

Mkizungumza kwa mdomo, tuma ujumbe mfupi siku hiyo hiyo: "Leo tumekubaliana hivi na hivi; kama nimekosea kuelewa, tafadhali nisahihishe." Tunza nakala.

Neno moja kwa wazazi. Tusiwape watoto kazi ya kututafsiria barua za onyo. Mtoto wa miaka kumi hapaswi kujua kabla yako kwamba kazi ya baba iko mashakani. Mwenye barua asiyoielewa asiitie sahihi kwanza. Aje nayo baada ya ibada tuisome pamoja, na mtoto aendelee kucheza na wenzake huko nje.