JE, MKRISTU AWEZA KUINGIA KATIKA CHAMA CHA WAFANYA KAZI?



Somo letu la leo lahusu amri ya saba ya Mungu. Mmekwisha kujifunza kwamba amri hiyo yakataza kuiba. Wengi wakisikia neno hilo hufikiri kuku wa jirani, au mihogo iliyong'olewa usiku katika shamba la mwingine. Lakini katekisimu yafundisha pia kwamba kuna dhambi zinazomlilia Mungu mbinguni, na mojawapo ni kumdhulumu mfanya kazi mshahara wake. Ndiyo kusema, dhambi hiyo yatajwa pamoja na dhambi ya kuua mtu.

Basi yule anayedhulumiwa afanye nini? Anyamaze? Apigane? Au aungane na wenzake? Vijana wetu huondoka vijijini kwenda Kalemie kutafuta kazi bandarini, katika reli au katika majengo. Wakirudi nyumbani humwuliza mwalimu wa dini: "Wenzangu wananiita niingie katika sendika. Je, mkatekumeni aweza kuingia?" Tujibu swali hilo kwa utaratibu.

I. SENDIKA NI NINI?

Sendika, au chama cha wafanya kazi, ni umoja wa watu wa kazi ya namna moja. Huchagua viongozi wao wenyewe, hutoa mchango kidogo, na viongozi hao husema na tajiri kwa niaba ya wote juu ya mshahara, saa za kazi, dawa za wagonjwa na msaada wa mtu aliyeumia kazini. Sendika si ukoo wala kabila. Si dini, wala haipasi kuwa chama cha siasa.

Kwa nini watu waungane? Tazameni wavuvi wa ziwa letu. Hata mvuvi hodari hawezi kuuvuta peke yake wavu mkubwa wa kukokota; sharti wengine washike kamba upande huu na wengine upande ule. Hivyo hivyo mfanya kazi mmoja akisimama mbele ya tajiri. Tajiri aweza kungoja mwezi mzima, maana ghala yake imejaa. Mfanya kazi hawezi kungoja, maana watoto wake watalala na njaa usiku huo huo. Basi akiwa peke yake hukubali neno lolote, hata lisilo la haki, nao watu husema kwamba amekubali kwa hiari. Je, hiyo ni hiari kweli?

II. MAMBO YALIYOTOKEA

Kalemie, zamani ukiitwa Albertville, ni mji uliojengwa kwa mikono ya wafanya kazi. Mwaka 1915 njia ya reli kutoka Kabalo ilifika ziwani, bandari ikajengwa, na baadaye wengine walichimba makaa ya mawe katika bonde la Lukuga, wengine wakafuma nguo katika kiwanda cha Filtisaf. Lakini kwa miaka mingi sheria ya serikali ya kikoloni haikuwapa wafanya kazi weusi ruhusa ya kuwa na chama chao.

Ubaya wa jambo hilo ulionekana katika mji wa Elisabethville, ndio Lubumbashi ya leo. Mwaka 1941, wakati wa vita, bei za vitu zilipanda, lakini mishahara haikutosha. Wafanya kazi wa migodi ya shaba waligoma. Hawakuwa na chama kinachokubaliwa na sheria, wala mlango wa kupitisha neno lao. Tarehe 9 Desemba walikusanyika katika uwanja wa mpira, na askari wakawapiga risasi. Watu wengi walikufa, na kati yao karani Léonard Mpoyi, aliyekuwa msemaji wao. Miaka mitano baadaye, mwaka 1946, serikali iliwaruhusu Waafrika wa Kongo kuunda vyama vya wafanya kazi, ingawa chini ya ulinzi mkali wa wakubwa wa serikali.

Sasa tulinganishe jambo hilo na habari ya pwani ya mashariki. Mwezi wa Machi 1955 wapakuzi wa bandari ya Mombasa, katika Kenya, waligoma. Nchi ilikuwa katika hali ya hatari, na askari walikuwa wengi. Lakini huko palikuwa na shirikisho la vyama vya wafanya kazi, na katibu wake alikuwa Tom Mboya, kijana Mkatoliki aliyesoma katika shule za misioni. Alikwenda kusema na wapakuzi, akasema pia na matajiri. Watu wakarudi kazini, shauri lao likapelekwa mbele ya waamuzi, na mshahara ukaongezwa.

Ndugu zangu, pimeni wenyewe. Watu wengi husema kwamba chama huleta fujo. Lakini pale Elisabethville, mahali pasipo na chama, hasira ilikosa mlango na damu ikamwagika. Pale Mombasa hasira ilipata mlango, na neno likatangulia mbele ya fimbo.

Katika nchi yetu mlango huo haukuwa wazi sikuzote. Mwaka 1967 serikali iliunganisha vyama vyote kuwa kimoja tu. Kisha, tangu mwaka 1990, vyama vingi viliruhusiwa tena. Katiba ya mwaka 2006, kifungu cha 38, yampa kila Mkongomani haki ya kuunda sendika au kuingia katika sendika kwa hiari yake. Sheria ya Kazi ya mwaka 2002 yakataza kumfukuza mtu kazini kwa sababu ameingia katika sendika, au kwa sababu amekataa kuingia.

III. MAFUNDISHO YA EKLEZIA

Eklezia haikungoja sheria hizo ndipo iseme. Katika Agano la Kale, kitabu cha Kumbukumbu la Sheria, sura ya 24, Mungu aliamuru kwamba kibarua maskini alipwe siku ile ile, kabla jua halijatua. Mtakatifu Yakobo, sura ya 5 ya barua yake, awaonya matajiri kwamba mshahara waliouzuia una sauti, na sauti hiyo imefika masikioni mwa Bwana.

Mwaka 1891 Baba Mtakatifu Leo XIII aliandika barua kwa dunia nzima juu ya hali ya wafanya kazi. Alifundisha kwamba kuungana ni haki ambayo mtu amepewa na Muumba pamoja na utu wake, wala serikali haina ruhusa ya kuiondoa. Alikumbusha maneno ya kitabu cha Mhubiri, sura ya 4, kwamba wawili ni afadhali kuliko mmoja, kwa kuwa mmoja akianguka mwenzake atamwinua.

Mtaguso wa pili wa Vatikano, mwaka 1965, ulitangaza haki hiyo tena, ukasema kwamba mtu asiadhibiwe kwa kuitumia. Naye Baba Mtakatifu Yohane Paulo II, aliyepata kuwa mfanya kazi kiwandani katika ujana wake, alieleza mwaka 1981 kwamba sendika hupigania haki, wala haipigani ili kuwaangamiza wengine. Shikeni sana neno hilo: tunapigania haki, hatupigani na mtu.

IV. MASWALI NA MAJIBU

Swali: Je, kuingia katika sendika si kuwaasi wakubwa?
Jibu: Sivyo. Mtoto amwombaye baba yake chakula hakumvunjia heshima. Kudai haki kwa maneno ya adabu ni jambo jema. Uasi ni kutukana, kuchoma mali na kuwapiga watu.

Swali: Je, Mkristu aweza kugoma?
Jibu: Aweza, lakini mgomo ni dawa kali, nayo dawa kali hainywewi kwa kila homa. Sharti sababu iwe ya haki, sharti kwanza njia za mapatano zijaribiwe zote, na sharti madhara yasipite faida. Sheria yetu pia yataka wapatanishi wasikilizwe kwanza. Mwuguzi asimwache mgonjwa afe kwa ajili ya mgomo. Na yule aendaye kazini wakati wa mgomo asipigwe, bali aelezwe.

Swali: Twasikia kwamba viongozi wengine hula mchango. Je, si afadhali kukaa mbali?
Jibu: Panya akiingia ghalani, hatuchomi ghala, twaziba tundu. Wanachama waulize hesabu mbele ya wote, waone maandiko ya fedha, wachague mwaminifu, na asiye mwaminifu wamwondoe kwa kura. Watu wema wakikaa mbali wote, chama kitabaki mikononi mwa nani?

Swali: Je, ni dhambi kutoingia?
Jibu: Hapana. Eklezia haimlazimishi mtu, wala sendika isimlazimishe. Lakini mtu ajihoji moyoni mwake: wenzangu wakipata nyongeza kwa jasho lao, nami nikaipokea bila kutoa mchango wala kushika kamba, je, nimewapenda kama nafsi yangu?

Swali: Yafaa kuingia katika sendika yoyote?
Jibu: Sivyo. Tuikatae sendika inayofundisha chuki, inayogawanya watu kwa kabila, inayotaka uongo au jeuri, au inayomzuia mtu kumtumikia Mungu. Kabla ya kutia sahihi, uliza: shabaha yake ni nini? Viongozi huchaguliwaje? Fedha huwekwa wapi?

Swali: Naogopa kufukuzwa kazi. Nifanye nini?
Jibu: Hofu hiyo si aibu. Sheria yakulinda, lakini twajua kwamba matajiri wengine huidharau. Kwa hiyo usiende peke yako. Nenda pamoja na wenzako, shika karatasi yako ya mkataba, na shauri likishindikana lipelekeni kwa mkaguzi wa kazi wa serikali. Na akifukuzwa mmoja wenu, wengine wasimwache jamaa yake ale majani. Hapo ndipo umoja hujulikana kama ni wa kweli au wa mdomo.

V. WAJIBU WA MFANYA KAZI MWENYEWE

Amri ya saba ina pande mbili. Yamfunga tajiri, nayo yamfunga mfanya kazi. Yule anayedai mshahara kamili na huku alala kazini, au abeba misumari na mafuta ya gari kwenda kuyauza, huyo pia ni mwizi. Sendika ya Wakristu yapasa kuwafundisha wanachama wake kufanya kazi vizuri. Ndipo neno lao litakuwa na nguvu mbele ya tajiri.

Wala mtu wa kijijini asiseme: "Mimi ni mkulima, mambo haya si yangu." Baba Mtakatifu Yohane XXIII, mwaka 1961, aliwahimiza wakulima pia waungane, maana sauti ya mmoja mmoja huchukuliwa na upepo. Tena, katika mavuno wewe nawe huwaita vibarua wakusaidie. Ukiwapa kipimo pungufu cha mahindi, au ukiwaambia "njoo kesho" mara tatu, umekuwa wewe sasa yule tajiri wa Mtakatifu Yakobo.

VI. MASWALI YA KUZUNGUMZA PAMOJA NA MWALIMU

1. Kwa nini mfanya kazi aliye peke yake hawezi kupatana sawasawa na tajiri?
2. Masharti ya mgomo wa haki ni yapi?
3. Je, katika kijiji chetu yuko mtu ambaye hajalipwa kazi yake? Nani wawili au watatu kati yetu watakwenda pamoja naye kusema na mdeni wake?

AZIMIO. Juma hili nitalipa kila deni la kazi nililo nalo, hata liwe dogo. Nikiwa sina fedha, nitakwenda mwenyewe kumwambia mwenye haki siku nitakayolipa.

SALA. Mwaka 1955 Baba Mtakatifu Pio XII aliiweka tarehe 1 Mei kuwa sikukuu ya Mtakatifu Yosefu Mfanya Kazi. Tumwombe seremala huyo wa Nazareti, aliyemlisha Mwana wa Mungu kwa kazi ya mikono yake, awaombee wote walio bandarini, relini na mashambani, wapate mkate wao kwa haki na kuula kwa amani. Amina.