SOMO LA FAMILIA: MTOTO ANAPOONEWA SHULENI

Maandiko: Mwanzo 37:12-28, Mwanzo 44:18-34, Mathayo 18

Mwezi huu tujifunze juu ya jambo linalowafanya baadhi ya watoto wetu kukataa shule, nasi wazazi tukadhani ni uvivu. Ni uonevu wa mtoto kwa mtoto.

1. Uonevu ni nini?

Watoto hugombana na kupatana. Huo si uonevu. Dan Olweus, mtaalamu aliyeanza kazi ya kuzuia jambo hili katika shule za Norwei mwaka 1983, alionyesha alama tatu: hufanywa kwa makusudi, hurudiwa mara kwa mara, na anayetendewa hana nguvu sawa ya kujitetea. Nguvu hiyo yaweza kuwa ya mwili, ya wingi wa marafiki, au ya lugha.

Sisi tuliotoka Kongo kuja Uganda tunaijua hiyo ya lugha. Mtoto aliyesoma kwa Kifaransa hadi darasa la sita anarudishwa la tatu kwa sababu hajui Kiingereza. Ana miaka 14, anaketi na wenye miaka 9. Akisoma kwa sauti wanacheka. Wanamwita babu.

2. Dalili

Tumbo humuuma asubuhi za siku za shule tu. Madaftari yanapotea au kuchanika. Anapita njia ndefu. Anaanza tena kukojoa kitandani, au anawapiga wadogo zake. Tusiseme haraka kwamba ni kumbukumbu za vita. Tumuulize.

3. Kumsikiliza

Usianze na swali, "Wewe ulimfanya nini?" Wala usimwambie arudishe ngumi. Mwambie amefanya vema kusema, na kwamba kosa si lake. Kisha uliza polepole: ni nani, wapi, lini, nani walikuwa wanatazama? Usimwahidi kuficha, mwambie ni nani utakayemweleza na kwa nini.

4. Tusiharakishe kupatanisha

Hapa ndipo sisi watu wa kanisa tunahitaji hekima. Desturi yetu ni kuwaita watoto wote wawili mbele ya wazee, kuwaambia wapeane mikono, tukaomba na kufunga. Kesho yake kwenye bomba la maji yule mdogo anapigwa kwa sababu alisema. Tangu hapo hatasema tena.

Mtazameni Yusufu. Alilia kwa siri kwa ajili ya ndugu zake, lakini hakujitambulisha upesi. Alingoja hadi Yuda, yule yule aliyetoa shauri la kumuuza, alipojitoa abaki mtumwa badala ya Benyamini. Ndipo wakakumbatiana.

Wengine watasema Bwana ametuagiza kusamehe bila kuhesabu. Ni kweli. Lakini someni Mathayo 18 yote: kabla ya agizo hilo kuna onyo kali kwa anayemkosesha mmoja wa wadogo. Msamaha wa moyoni ni safari ya mtoto pamoja na Mungu wake. Usalama wake ni kazi yetu wakubwa, na hauwezi kungoja.

Basi zungumza na kila mmoja peke yake. Anatol Pikas, mwalimu wa Uswidi, alifundisha njia hiyo: waonevu wasikabiliwe kama kundi, bali mmoja mmoja. Muulize, "Unaonaje hali ya mwenzako? Wewe utafanya nini ili apate nafuu?" Baada ya wiki moja rudi uangalie kama ametenda. Wakutane tu pale aliyeonewa atakapokuwa tayari. Na yule mwonevu tusimtupe. Mara nyingi naye ana kidonda chake nyumbani.

5. Wanaotazama

Reubeni alitaka kumwokoa Yusufu, lakini alipouzwa hakuwepo. Wafundisheni watoto mambo matatu: kuketi na anayetengwa, kurudi naye nyumbani, na kumwambia mtu mzima.

6. Tuende wapi?

Anza na mwalimu wa darasa, kisha mwalimu wa kike au wa kiume anayesimamia malezi, kisha mwalimu mkuu. Usiende kumchapa mtoto wa jirani. Ugomvi wa watoto usije ukawa ugomvi wa makabila. Namba 116 ya kulinda watoto hapa Uganda hupigwa bila malipo. Kama kuna majeraha, vitisho vya silaha au aibu ya mwili, hilo si la kupatanishwa na wazee: nenda kituo cha afya na polisi. Mtoto akisema afadhali afe, usimwache peke yake. Mpeleke kituo cha afya siku hiyo hiyo.

Maswali ya kujadili nyumbani

1. Ni nani katika darasa lako huketi peke yake?
2. Ukionewa, ungemwambia nani kwanza? Kwa nini?
3. Wazazi: je, kuna majina ya dhihaka tunayowaita wengine mbele ya watoto?

Bwana awalinde watoto wetu njiani na darasani. Amina.