Ujumbe Usioweza Kungoja: Jinsi Mtandao wa 5G Unavyogawa Nafasi

Ambulensi inapopiga king'ora, magari husogea kando. Hakuna anayejenga barabara nzima ya ambulensi peke yake, kwa sababu ingekaa tupu kutwa huku wananchi wengine wakikwama kwenye msongamano. Mtandao wa 5G hukabili swali lilo hilo: nafasi ni chache, na haraka za watumiaji hazilingani.

Nafasi hiyo ni nini?

Simu zilizo karibu na mnara mmoja hutumia masafa yale yale ya redio. Hapa nchini, kampuni za simu hugawiwa masafa hayo na Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya. Mnara nao huyakata vipande vidogo vidogo, kisha humpa kila mtumiaji vyake. Anayetazama video huhitaji vipande vingi, lakini akicheleweshwa kidogo hatambui, kwa kuwa simu yake huwa na akiba ya sekunde kadhaa za video. Kifaa cha kuzima mashine hatari kiwandani huhitaji kipande kimoja tu, ila hakiwezi kungoja.

Haraka kiasi gani?

Mwaka 2017, Umoja wa Kimataifa wa Mawasiliano (ITU) uliweka kipimo cha mawasiliano ya aina hii: ujumbe wa baiti 32, yaani kama herufi 32 hivi, ufike ndani ya milisekunde 1, na kati ya jumbe 100,000 usichelewe wala kupotea zaidi ya mmoja. Kupepesa jicho tu huchukua takriban milisekunde 100 au zaidi.

Mnara hufanyaje?

Kuna mbinu tatu kuu.

1. Kutenga: kifaa huwekewa nafasi yake mapema, hivyo hutuma bila kuomba ruhusa kwanza. Kisipokuwa na la kutuma, nafasi hiyo huenda bure.

2. Kukatiza: nafasi iliyokwisha kupewa video huchukuliwa kwa muda mfupi sana, ujumbe wa dharura ukapita. Sehemu ya video iliyoharibika hutumwa tena.

3. Kurudia: ujumbe mmoja hutumwa mara kadhaa, ili nakala moja ikipotea nyingine ifike. Kila nakala hula nafasi.

Kwa hivyo kasi na uhakika vina gharama, na gharama hiyo hubebwa na watumiaji wengine. Mgawanyo bora ni kutenga kwa ujumbe unaotumwa kwa ratiba, kukatiza kwa ujumbe wa ghafla, na kurudia pale mawimbi yanapokuwa dhaifu.

Inakuhusu vipi?

Katika vikao vya umma vya kutoa maoni kuhusu bajeti, unaweza kusikia mapendekezo ya vifaa vya kidijitali. Uliza swali moja: ujumbe huu ukichelewa, nani ataumia? Kifaa kinachopima kiwango cha maji kwenye tangi kinaweza kutuma taarifa kila saa kupitia mtandao wa kawaida. Kifaa cha kusimamisha mashine kabla haijamkata mfanyakazi mkono hakiwezi kungoja hata sekunde moja. Kulipia kasi isiyohitajika ni kupoteza fedha za umma. Kuikosa inapohitajika ni kuhatarisha maisha.

Kumbuka: namba za dharura 999 na 112 hupigwa bila malipo. Tafadhali usizipige kwa mzaha. Laini hizo nazo zina foleni, na aliye nyuma yako huenda ana mgonjwa mikononi.