Nyumba Kubwa na Deni la Zamani

Somo la kusoma kwa sauti katika mkutano wa kikundi



Watoto wakikua, nyumba hupungua. Hili kila mzazi analijua. Lakini wengi wetu tunaanza kufikiria nyumba kubwa wakati bado tunadaiwa. Je, tufanye nini? Tungoje mpaka deni liishe, au tukope tena tujenge?

Tuchukue mfano wa familia moja. Baba, mama na watoto watano wanaishi katika vyumba viwili. Binti mkubwa ameingia sekondari, na akiwa likizoni analala jikoni. Familia hii inadaiwa na kikundi shilingi 10,000, kwa riba ya shilingi 10 kwa kila 100 kwa mwezi, ikihesabiwa kwa deni lililobaki. Dukani wanadaiwa 2,000, bila riba. Wakishatoa chakula na karo, kwa maziwa na ushonaji wanabaki na shilingi 4,500 kila mwezi.

Jioni moja baba anasema, "Mama watoto, tuombe kikundi 40,000 tujenge vyumba vinne. Miti na udongo tunavyo shambani."

Mama anauliza, "Na ile ya kwanza tumemaliza?"

"Tutalipa zote pamoja."

Mama anachukua daftari la mtoto na kalamu. Tuhesabu pamoja naye.

Njia ya kwanza: kukopa na kujenga sasa

Deni la kikundi litakuwa 50,000. Riba peke yake ni 5,000 kwa mwezi. Wao wana 4,500. Kwa hivyo kila mwezi watapungukiwa na shilingi 500, hata kabla hawajapunguza mkopo wenyewe kwa shilingi moja! Mwenye duka naye bado anangoja. Nyumba itakuwa kubwa, lakini ng'ombe atauzwa. Ng'ombe akienda, maziwa yatalipa nini?

Tena kuna wadhamini. Wewe ukishindwa, akiba yao ndiyo inakatwa. Hao ni majirani, mnachota maji pamoja. Wahenga walisema, kukopa harusi, kulipa matanga.

Njia ya pili: kulipa kwanza

Mwezi wa 1: riba 1,000, duka 2,000, na 1,500 ya kupunguza mkopo. Deni linabaki 8,500.

Mwezi wa 2: riba 850, na 3,650 ya mkopo. Linabaki 4,850.

Mwezi wa 3: riba 485, na 4,015 ya mkopo. Linabaki 835.

Mwezi wa 4: wanalipa 835 pamoja na riba yake, kama 84. Deni limekwisha! Mkononi wana zaidi ya 3,500 za kuweka.

Wakiendelea kuweka ile 4,500 kila mwezi, mwisho wa mwezi wa 12 wana zaidi ya 39,000. Karibu pesa zile zile walizotaka kukopa, na hakuna mtu anayewadai.

Lakini binti je?

Hili si jambo dogo. Msichana mkubwa hawezi kulala jikoni mwaka mzima. Kama nyanya yake yuko karibu, na alale huko akiwa likizoni. Kama hayuko, gawanyeni chumba kimoja kwa mbao au pazia nzito. Halafu kuanzia mwezi wa 5, msingoje pesa zote zifike. Pimeni nyumba yote ya vyumba vinne, lakini msimamishe chumba cha binti kwanza. Vingine vitafuata, pole pole.

Njia hii si ngeni kwetu. Katika miaka ya 1960 akina mama wa sehemu za Kati ya Kenya walikuwa na vikundi vya mabati. Kila mmoja alitoa mchango, na pesa zikanunua mabati ya mwanachama mmoja, halafu mwingine, mpaka wote wakahama chini ya nyasi. Haba na haba hujaza kibaba. Hata kikundi chako kinaweza kuanza.

Mambo ya kuangalia

1. Andika madeni yote, hata ya duka na ya jirani. Deni lililofichwa ndilo linalovunja nyumba. Mume na mke wahesabu pamoja.

2. Usikope kwa simu ili ulipe kikundi. M-Shwari ilipoanza mwaka 2012, ada ilikuwa asilimia 7.5 kwa mkopo wa siku 30. Wakati huo, kukopa 4,000 kulikuwa ni kurudisha 4,300 mwezi ukiisha. Hapo umehamisha deni tu, hujalipa.

3. Nyumba kubwa ina gharama zake: vitanda, taa, milango, kufuli. Ziweke katika hesabu.

4. Mwezi ukiwa mbaya, nenda kwa mweka hazina kabla ya siku ya kulipa. Usijifiche.

Maswali ya kujadiliana

- Riba ya kikundi chetu ni ngapi? Je, kila mwanachama anaweza kuihesabu mwenyewe?
- Mwanachama akiomba mkopo wa pili kabla ya kumaliza wa kwanza, tumuulize nini?
- Ni nani kati yetu ana mtoto asiye na mahali pazuri pa kulala? Tunaweza kumsaidia vipi bila kumwongezea deni?

Kabla ya mkutano ujao, kila mmoja achukue daftari na kufanya hesabu ya nyumba yake, kama yule mama.