Shemeji hakuitwa mwongo

Mdogo wangu wa Minnesota, barua yako nimeisoma hadi mwisho, nikarudia. Unasema mumeo aliendesha malori ya jeshi la Marekani kule Kuwait na Iraki, akarudi na mgongo usiomruhusu kulala, akaomba fidia ya ulemavu kwa idara ya maveterani, hiyo VA, nao wakamkataa. Tangu siku hiyo bahasha imefungiwa kwenye droo, na ukimgusia anajibu, "Wameniona mwongo," kisha anatoka nje.

Muombe shemeji aitoe hiyo bahasha. Ndani yake hakuna aliyemwita mwongo.

Afisa anayeamua dai anatafuta mambo matatu. Kwanza, ulemavu uliopo leo. Pili, tukio, jeraha au ugonjwa alioupata akiwa jeshini. Tatu, kiungo kati ya hayo mawili: kwamba hili la leo limetokana na lile la siku zile. Moja likikosekana, dai linaanguka, hata kama mengine mawili yamesimama imara. Chini ya sheria mpya ya rufaa iliyoanza kazi Februari 2019, barua ya kukataa lazima iseme ni lipi limekosekana, na pia itaje yale ambayo VA imeyakubali. Wewe mwenyewe umeniandikia kwamba wamekubali diski za mgongo zimechakaa, na wamekubali kwamba alianguka kutoka kwenye lori. Kilichopungua ni kiungo tu. Na hayo waliyokwisha kuyakubali yanawafunga: afisa atakayefuata hawezi kuyageuza mpaka aonyeshe kosa lililo wazi kabisa. Kwa hiyo msianze upya kubishana kuhusu lori. Hilo mmeshashinda.

Sasa njia. Ziko tatu, na watu wetu wengi hukimbilia ya jaji kwa sababu neno jaji linatia moyo. Subiri kwanza.

Mapitio ya ngazi ya juu, kwa fomu 20-0996, ni pale afisa mwandamizi anapolisoma faili lilelile kwa macho mapya. Huruhusiwi kuongeza hata karatasi moja, ila unaweza kuomba mazungumzo ya simu umwonyeshe kosa lilipo. Njia hii inamfaa mtu ambaye ushahidi wake wote ulikuwamo na ukarukwa. Shemeji si huyo. Kwenye faili lake hakuna daktari aliyeandika kwamba mgongo umetokana na kule kuanguka, na afisa wa pili hawezi kuliona lisilokuwamo.

Njia yenu ni dai la nyongeza, fomu 20-0995, linalotaka ushahidi mpya unaogusa jambo lenyewe. Nendeni kwa daktari anayemtibu. Asome rekodi za jeshi, kisha aandike kama uwezekano kwamba mgongo umetokana na ajali ile unafika angalau nusu kwa nusu, na aeleze kwa nini. Hiyo "kwa nini" ndiyo uzito wa barua. Sentensi moja ya maoni bila sababu haitafika mbali. Haihitajiki hakika. Sheria inasema ushahidi wa pande mbili ukikaribia kulingana, shaka inamwangukia askari kwa heri, si kwa shari. Napenda sana kifungu hicho, na naumia nikiona watu wanakata tamaa bila kujua kipo.

Na wewe pia ni shahidi, mdogo wangu. Iko fomu 21-10210 ya maelezo ya mtu wa kawaida. Usiandike jina la ugonjwa, hiyo ni kazi ya daktari. Andika ulichokiona: kabla hajaondoka alikuwa akibeba mtungi wa gesi hadi ghorofani, aliporudi alianza kulala sakafuni, na watoto wakazoea kutompandia mabegani. Taja miaka. Mwaka 2006 mahakama ya rufaa ya shirikisho ilisema maelezo ya namna hii hayawezi kutupwa kwa sababu tu hakuna karatasi za matibabu za wakati ule. Ni muhimu kwenu, maana mumeo hakwenda zahanati ya kambi. Alimeza vidonge akarudi kwenye usukani, kama wanavyofanya wanaume wengi tuliokua nao.

Huenda akaitwa tena kupimwa. Mkanye mapema. Sisi tumelelewa kujibu "nzuri" kabla ya kutaja shida, naye daktari anaandika anachosikia. Aseme siku zake mbaya zilivyo: anakaa dakika ngapi kabla ya kulazimika kusimama, kazi gani ameacha. Asiongeze chumvi, wala asifiche.

Jaji wa Bodi ya Rufaa, fomu 10182, mwacheni kwa baadaye. Foleni yake ni ndefu, na mara nyingi faili hurudishwa chini likasahihishwe. Bodi nayo ikikataa, kuna siku 120 za kwenda Mahakama ya Rufaa ya Madai ya Maveterani, ambayo iliundwa kwa sheria ya mwaka 1988. Kabla ya hapo askari hakuwa na mahakama ya kumsikiliza, na tangu 1864 wakili hakuruhusiwa kumtoza zaidi ya dola 10, kwa hiyo wengi walisimama peke yao.

Mwaka mmoja ndio mlio nao tangu tarehe ya barua. Dai la nyongeza hupokelewa hata baada ya hapo, lakini mkichelewa, mkishinda, malipo yatahesabiwa kuanzia ombi jipya, na miezi yote ya nyuma itapotea. Mkiwahi, kwa kawaida yanarudi hadi ombi la kwanza.

Msaada wa bure upo. Vyama kama American Legion na DAV vina wawakilishi walioidhinishwa na VA ambao hawatozi kitu. Wakili hulipwa kutokana na malimbikizo mkishinda, na asilimia 20 ndiyo inayohesabiwa kuwa ya haki. Mtu asiye na idhini anayewaahidi kiwango cha ulemavu cha asilimia 100 mkimlipa leo, mkimbieni.

Uliuliza pia kama mkirudi kuishi Nakuru fidia itakatwa. Haikatwi, humfuata askari popote anapoishi. Lakini badilisheni anwani VA kabla ya kupanda ndege. Siku zinahesabiwa kuanzia tarehe iliyoandikwa kwenye barua, hata kama bahasha iko Minnesota nanyi mko Nakuru.