Kituo Kipi Kwanza? Hesabu ya Safari Ndefu ya Kuzunguka Nchi

Mtu anayetaka kuzunguka nchi kubwa akiwa na shanta mgongoni huanza kwa kuandika majina ya miji anayotamani kuiona. Orodha hiyo ni muhimu, lakini inamwambia wapi tu, haimwambii wapi atangulie na wapi afuatie. Makala hii inalishughulikia swali hilo la pili, la mpangilio. Ni swali la hisabati na la hali ya hewa kwa pamoja, na kila hatua yake inaweza kufuatwa na mtu yeyote anayejua kujumlisha, kutoa na kuzidisha.

Tuchukue Tanzania kuwa mfano. Eneo lake ni karibu kilomita za mraba 945,000, yaani linazidi Ufaransa ya Ulaya na Ujerumani zikiunganishwa. Tuseme msafiri anaanzia Dar es Salaam, anataka kufika Iringa, Mbeya, Sumbawanga, Kigoma, Bukoba, Mwanza, Arusha, Tanga, Dodoma na Tabora, kisha arudi Dar es Salaam. Kila mji atakaosimama tutauita kituo. Safari kutoka kituo kimoja hadi kinachofuata tutaiita kipande. Vipande vyote vikiunganishwa hadi msafiri arejee alikoanzia, tunapata mzunguko. Vituo vyetu, ukiacha Dar es Salaam, ni 10.

Je, kuna mizunguko mingapi tofauti? Tuanze na vituo vichache. Kama vituo ni 2, mpangilio ni ama huu kwanza ama ule kwanza: njia 2. Vikiwa 3, cha kwanza kinaweza kuwa chochote kati ya 3. Kikishachaguliwa vinabaki 2, kisha 1. Tunazidisha 3 × 2 × 1 na kupata 6. Vikiwa 4 tunapata 24, vikiwa 5 tunapata 120. Kuzidisha huku kwa kushuka hadi 1 wanahisabati hukuita faktoria, na hukuandika kwa kuweka alama ya mshangao baada ya namba. Kwa vituo 10 jibu ni 3,628,800.

Namba hiyo inastahili kutafakariwa. Mtu akiitazama mipangilio yote, kila mmoja kwa sekunde moja tu, bila kula wala kulala, atahitaji siku 42 kamili. Akiongeza vituo 2, viwe 12, kazi hiyohiyo itamchukua zaidi ya miaka 15. Kutazama kila njia, basi, hakufai kuwa mbinu. Wanahisabati wamelifanyia kazi tatizo hili kwa miongo mingi wakiliita tatizo la mchuuzi msafiri. Mwaka 1954 George Dantzig, Ray Fulkerson na Selmer Johnson walipata mzunguko bora wa miji 49 ya Marekani kwa kuondoa makundi makubwa ya njia mbaya bila kuzitazama mojamoja. Wazo hilo la kuondoa njia mbaya kwa makundi ndilo tutakalolitumia, kwa kiwango kidogo.

Kwanza tujaribu kanuni ambayo wengi huifuata bila kujua: kutoka kila kituo, nenda kituo kilicho karibu zaidi ambacho hujakifikia. Kutoka Dar es Salaam kilicho karibu katika orodha yetu ni Tanga, karibu kilomita 350. Kisha Arusha, kisha Dodoma, Iringa, Mbeya, Sumbawanga, Kigoma, Tabora, Mwanza, na mwisho Bukoba. Kila hatua ilikuwa ya busara ikitazamwa peke yake. Lakini safari imeishia Bukoba, pembe ya kaskazini-magharibi kabisa, na kipande cha kurudi Dar es Salaam kinazidi kilomita 1,300. Udogo wa vipande vya mwanzo umelipiwa kwa kipande kimoja kirefu kupita kiasi, na msafiri anakilipa wakati amechoka na fedha zimepungua.

Tunahitaji kanuni inayoutazama mzunguko mzima. Msingi wake ni jambo moja kuhusu pembetatu: upande wowote mmoja ni mfupi kuliko pande mbili nyingine zikijumlishwa. Kwenda moja kwa moja ni kufupi kuliko kupitia mahali pa pembeni. Sasa tuseme katika mzunguko fulani msafiri anakwenda kutoka A hadi B, na baadaye kutoka C hadi D, na kwenye ramani mistari hii miwili inakatana mahali tutakapopaita X. Kipande AB kimegawanyika kuwa AX na XB, na kipande CD kimegawanyika kuwa CX na XD. Katika pembetatu AXC, upande AC ni mfupi kuliko AX na XC kwa pamoja. Katika pembetatu BXD, upande BD ni mfupi kuliko BX na XD kwa pamoja. Tukijumlisha, AC na BD ni fupi kuliko AB na CD. Kwa hiyo msafiri akitoka A aende C, apite vituo vya katikati kwa kurudi nyuma hadi B, kisha aende D, atakuwa amefika kila kituo kama mwanzo, lakini kwa njia fupi zaidi.

Tumethibitisha hivi: mzunguko unaojikata wenyewe kamwe si mzunguko mfupi kuliko yote. Ushahidi huu ni mdogo, lakini matokeo yake ni makubwa, na kwa maoni ya mwandishi ni miongoni mwa mambo mazuri zaidi ambayo ramani ya kawaida inaweza kumfundisha mtu.

Tuone ushahidi huu unatupeleka wapi. Bandika ramani kwenye ubao, choma pini kwenye kila kituo, kisha zungushia uzi nje ya pini zote na kuukaza. Uzi utazigusa pini za nje tu. Kwa vituo vyetu utagusa Dar es Salaam, Mbeya, Sumbawanga, Kigoma, Bukoba, Arusha na Tanga. Ndani zitabaki Iringa, Mwanza, Dodoma na Tabora, ingawa Iringa na Mwanza zitakuwa jirani kabisa na uzi. Sasa, vituo vya nje haviwezi kupitwa kwa mpangilio mwingine wowote isipokuwa ule wa uzi, kwani mpangilio mwingine utailazimisha njia ijikate, nasi tumekwisha kuona kwamba njia inayojikata haifai. Kwa hatua hii moja, mpangilio wa vituo 7 umepatikana bila kupima kilomita hata moja.

Kazi iliyobaki ni kuingiza vituo 4 vya ndani. Cha kwanza kina nafasi 7 kwenye mzunguko, cha pili kina 8, cha tatu 9 na cha nne 10. Tukizidisha tunapata 5,040. Ili kulinganisha, ile namba ya mwanzo lazima igawanywe kwa 2, maana mzunguko ukipitwa kinyumenyume urefu wake haubadiliki: ni 1,814,400. Tumeshuka kutoka huko hadi 5,040.

Na hizo 5,040 hazihitaji kuhesabiwa zote. Kwa kila kituo cha ndani tunapima mchepuko, yaani urefu unaoongezeka kwa sababu ya kukipitia. Mchepuko wa kupitia kituo K kati ya A na B ni umbali wa A hadi K, ukijumlisha wa K hadi B, ukitoa ule wa A hadi B ambao msafiri angeutembea hata hivyo. Iringa imo kwenye barabara kuu ya Dar es Salaam hadi Mbeya, hivyo mchepuko wake ni kama haupo. Mwanza, iliyo jirani na uzi, inaingia kati ya Bukoba na Arusha. Dodoma inahitaji hesabu. Tukiiweka kati ya Dar es Salaam na Iringa: kilomita 450 hadi Dodoma, 260 hadi Iringa, tukitoa 500 za Dar es Salaam hadi Iringa, mchepuko ni kama 210. Tukiiweka upande wa kaskazini, msafiri akitoka Mwanza kwenda Arusha kupitia Singida na Babati: kilomita 240 kutoka Singida hadi Dodoma, 250 kutoka Dodoma hadi Babati, tukitoa 160 za Singida hadi Babati, mchepuko ni kama 330. Dodoma iwekwe mwanzoni. Tabora inaachiwa msomaji: alinganishe kuiweka kati ya Kigoma na Bukoba na kuiweka kati ya Mwanza na Arusha, akikumbuka kwamba Reli ya Kati hugawanyika papo hapo Tabora, tawi moja likienda Kigoma na jingine Mwanza.

Hapa pana tahadhari. Ushahidi wa pembetatu ni wa mistari iliyonyooka, na barabara hazinyooki. Tena msafiri hulipa kwa saa zaidi ya kilomita. Treni ya umeme ya reli ya kisasa, iliyoanza kubeba abiria hadi Dodoma mwaka 2024, imebadili muda wa kipande hicho ingawa Dodoma haikusogea. Vivyo hivyo, kati ya Bukoba na Mwanza magari yalilazimika kusubiri kivuko pale Busisi na Kigongo hadi daraja la karibu kilomita 3 lilipofunguliwa Juni 2025. Kwa hiyo, uzi ukishatoa mpangilio wa mwanzo, michepuko ipimwe kwa saa.

Katika saa hizo kuna sehemu inayosahauliwa sana: kungoja. Kama chombo huondoka kila baada ya muda ulio sawa, mtu anayefika bila kujua ratiba hungoja, kwa wastani, nusu ya muda huo. Basi linaloondoka kila saa humgharimu nusu saa. Meli au treni inayoondoka mara 2 kwa wiki, siku zikiwa zimeachana sawasawa, humgharimu saa 42. Saa hizo ni sehemu ya kipande sawa na saa za mwendo. Chombo cha namna hiyo kikiwa kwenye mpango, tarehe yake ndiyo inayokazwa kwanza, na vipande vingine vipangwe kuielekea.

Limebaki swali ambalo urefu hauwezi kulijibu. Mzunguko wetu unaweza kupitwa kwa kufuata mwendo wa mishale ya saa, kusini kwanza, au kinyume chake, kaskazini kwanza. Kilomita ni zilezile. Kinachoamua ni mvua.

Mvua za nchi zetu huletwa kwa sehemu kubwa na ukanda mvua, yaani eneo linaloizunguka dunia ambapo pepo za kaskazini na za kusini hukutana, hewa yenye unyevu hupanda juu, hupoa na kudondosha maji. Ukanda huu hulifuata jua likihama kaskazini na kusini, ukichelewa nyuma yake kwa wiki kadhaa. Jua huwa la utosi kwenye ikweta karibu na Septemba 23, hufika mwisho wa safari yake ya kusini karibu na Desemba 22, kisha hurudi na kuivuka ikweta tena karibu na Machi 21. Kwa hiyo maeneo ya kaskazini mwa Tanzania na pwani yake ya kaskazini hupitiwa na ukanda mara mbili: ukishuka, kati ya Oktoba na Desemba, huleta vuli, na ukipanda, kati ya Machi na Mei, huleta masika. Maeneo ya kusini, kati na magharibi yako karibu na mahali ukanda unapogeukia. Huko kwenda na kurudi kwake huungana kuwa msimu mmoja, nao huitwa msimu tu, tangu mwishoni mwa Novemba hivi hadi Aprili.

Sasa tumchukue msafiri anayeanza mwanzoni mwa Oktoba na ana miezi mitatu na nusu. Akienda kusini kwanza, atapita Iringa, Mbeya na Sumbawanga kungali kukavu, na Kigoma kabla mvua hazijakolea. Vuli itamkuta kandokando ya Ziwa Viktoria, ambako mvua hazikwepeki kwa urahisi, na itakuwa imepungua atakapofika Arusha na Tanga mwezi Januari. Akienda kaskazini kwanza, vuli itamkuta Tanga na Arusha, kisha msimu utamngoja Kigoma na Sumbawanga katikati ya mvua. Anayeanza Juni hana shida hiyo, kwa kuwa Juni hadi Septemba sehemu kubwa ya nchi ni kavu. Lakini kipindi hicho kina baridi yake. Hewa hupoa kwa wastani wa nyuzi 6.5 kwa kila mita 1,000 za kupanda, na Mbeya iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, hivyo kwa hesabu hiyo hutarajiwa kuwa na nyuzi kama 11 pungufu ya Dar es Salaam. Sweta moja zito litabebwa katika shanta nchi nzima kwa ajili ya siku chache za nyanda za juu, na ni haki libebwe.

Mwisho kuna siku za akiba. Mzunguko wetu una vipande 11. Tuseme kila kimoja kinaweza kutofautiana na matarajio kwa nusu siku, pengine kuwahi, pengine kuchelewa. Mtu akitenga nusu siku kwa kila kipande, ametenga siku 5 na nusu. Lakini kuchelewa kwa kipande kimoja mara nyingi hufidiwa na kuwahi kwa kingine. Tofauti zisizotegemeana hukua kwa kipeuo cha pili cha idadi ya vipande, na kipeuo cha 11 ni kama 3.3, hivyo tofauti ya kawaida ya safari nzima haifiki siku 2. Siku 3 au 4 zilizowekwa pamoja mwishoni humlinda msafiri vizuri kuliko zile 5 na nusu zilizotawanywa njiani. Zikishawekwa, zisiguswe mapema. Na kwa kuwa misimu haianzi kila mwaka kwa tarehe ileile, msomaji asome utabiri ambao Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania huutoa kabla ya vuli, msimu na masika, ndipo akate tiketi ya kwanza.