Somo la Robo Hii: Maisha ya Mtu kwa Sauti Yake Mwenyewe

Katika somo la robo hii tunajibu swali ambalo baadhi ya kamati zimekuwa zikituuliza: je, simu na vinasa sauti tulivyo navyo vinaweza kutumika kukusanya masimulizi ya maisha ya watu wetu wa Rungwe, na yakishakusanywa yafanyiwe nini? Kwa juu juu ni swali la vifaa. Ukilichimba utakuta ni swali la haki na heshima, na ndiyo sababu tumelipa nafasi kubwa kuliko kawaida.

Tuanze na jambo tunalolijua sote. Msibani, kabla ya kwenda makaburini, husomwa wasifu wa marehemu. Alizaliwa mwaka fulani, akabatizwa, akasoma hadi darasa fulani, akaoa, akajaliwa watoto, akaanza kuugua, akalazwa Makandana au Igogwe, ameacha mjane na wajukuu. Tumesikia wasifu wa namna hii mara nyingi mno, na tuseme ukweli, ukibadilisha majina unaweza kuusomea msiba wa jirani. Aliogopa nini? Alimkosea nani, na walipatanaje? Shamba lake la chai alilipataje? Wakati huo wa kuuliza umekwisha kupita.

Kwa ndugu zetu Wamoraviani desturi hii ina mizizi mirefu. Tangu karne ya 18 huko Herrnhut, Ujerumani, waumini walihimizwa kuandika au kusimulia wenyewe safari ya maisha yao, na simulizi hiyo ikasomwa siku ya mazishi. Nyingi zimehifadhiwa hadi leo katika nyaraka za Herrnhut na za Bethlehem, Pennsylvania, nchini Marekani. Ndani yake wamo mafundi, wakulima, wajane, hata watu waliozaliwa Afrika na kuuzwa utumwani ng'ambo. Tofauti na wasifu wetu ni kwamba pale marehemu mwenyewe ndiye anayesema "mimi".

Wamisionari wa Moraviani walifika Rungwe mwaka 1891, Theodor Meyer akiwa mmoja wao. Kwa watu waliokulia katika desturi hiyo, si ajabu kwamba baadhi yao walikaa chini kusikiliza maisha ya watu wa huku. Kazi inayotugusa zaidi ni ya Elise Kootz-Kretschmer, aliyetumika Utengule upande wa Mbeya. Aliandika masimulizi ya watu aliowafahamu, wakiwemo wanawake waliotekwa na kubadilishwa kwa mali enzi za biashara ya watumwa, katika nchi iliyo kati ya Ziwa Nyasa na Ziwa Tanganyika, mwishoni mwa karne ya 19. Mwaka 1993 mwanahistoria Marcia Wright alitoa kitabu kinachoyafafanua baadhi ya masimulizi hayo, na humo tunakutana na Narwimba, Chisi na wenzao.

Tukae kidogo kwa Narwimba. Alifiwa na mume akabaki na watoto, katika nchi iliyojaa vita na utekaji. Alichofanya ni kumwomba mpwa wa marehemu mumewe amchukue awe mke wake, apate ulinzi. Yeye ndiye aliyeomba.

Katika semina za UKIMWI tumefundisha miaka mingi kwamba kurithi wajane ni desturi ya hatari, na tunaendelea kufundisha hivyo. Lakini Narwimba anatuonyesha desturi hiyo kutoka upande ambao semina zetu hazijaugusa. Mwanamke asiye na wa kumkinga wakati ule angeweza kuchukuliwa na yeyote mwenye nguvu, yeye na wanawe. Mama wa leo wa Masoko au Mwakaleli, anayetishwa na mashemeji kwamba atanyang'anywa shamba la migomba, hahitaji kufafanuliwa habari hiyo. Hajawahi kuona msafara wa watumwa, lakini hofu ya kukosa pa kulaza watoto anaijua. Hapo ndipo kisa cha mtu mmoja kinapokuwa cha wengi. Hakianzi kwa kusema juu ya "wanawake wa Afrika" wala "binadamu wote". Kinaanza na mjane mmoja mwenye jina, aliyekwenda kwa mtu fulani akamwomba jambo fulani.

Hata hivyo, masimulizi hayo yametufikia kupitia kalamu ya mtu mwingine, yakavushwa kutoka lugha moja hadi nyingine. Hatusikii Narwimba aliposita. Hatujui alicheka wapi. Karatasi haihifadhi pumzi ya msemaji, na mara nyingi pumzi hiyo ndiyo inayotuambia kwamba sasa anagusa jambo zito.

Nguvu ya sauti tumeiona hapa nchini tangu zamani. Mnamo Julai 1993 Radio Tanzania Dar es Salaam ilianza kurusha mchezo wa "Twende na Wakati". Wengi wetu tunamkumbuka Mkwaju, dereva wa lori mwenye wanawake njiani, na mkewe Tunu aliyejifunza polepole kusimama kwa miguu yake. Eneo la Dodoma halikurushiwa mchezo huo hadi mwaka 1995, na kwa sababu hiyo watafiti waliweza kulinganisha wasikilizaji na wasiosikiliza. Waliona kwamba waliousikiliza walizungumza zaidi na wenzi wao kuhusu uzazi wa mpango na kuchukua hatua zaidi za kujikinga na UKIMWI.

Lakini Mkwaju hakuwa mtu wa kweli. Mchezo ukiisha, hakuna aliyemnyooshea kidole gulioni. Mama wa Kiwira anayesimulia kwa sauti yake mwenyewe jinsi alivyopokea majibu ya kipimo, kesho yake anakwenda kisimani na majirani waliomsikia. Nguvu ya simulizi la kweli na hatari yake vinatoka mahali pamoja. Kamati isiyoliona hilo tunaiomba isianze kurekodi kabisa.

Kuhusu ridhaa, basi, tunapendekeza utaratibu mkali kidogo kuliko ule uliozoeleka. Kuweka dole gumba kwenye fomu hakutoshi. Msimulizi aombwe ruhusa mara mbili: kabla ya kurekodi, na tena baada ya kusikiliza alichosema, ikiwezekana siku nyingine akiwa ametulia. Aambiwe waziwazi sauti yake itafika wapi: kwenye kikundi cha wanawake cha mtaani, redioni, au kwa wafadhili ng'ambo. Anaweza kukubali kimoja na kukataa kingine. Akisema "lifuteni", lifutwe bila kuulizwa sababu. Hapa sheria iko upande wake. Sheria ya UKIMWI ya mwaka 2008 inalinda siri ya hali ya afya ya mtu anayeishi na virusi, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inazipa taarifa za afya ulinzi wa pekee. Tena, msimulizi hasimulii maisha yake peke yake. Akimtaja mume, mtoto au jirani, huyo hajaulizwa. Majina hayo yaondolewe, isipokuwa mwenyewe akubali. Na kubadili jina hakumfichi mtu sana hapa kwetu, kwa kuwa sauti ya mtu inatambulika kijiji kizima.

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe. Adui wa kwanza wa kinasa sauti Rungwe ni mvua. Tukuyu hupata zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, na mvua ikishuka juu ya bati hakuna simu itakayosikia kitu kingine. Panga kurekodi asubuhi, au tafuta nyumba yenye dari. Jiko la nje lililoezekwa kwa nyasi ni zuri kuliko ukumbi wa parokia, maana ukumbi mtupu unarudisha mwangwi. Zima mtandao wa simu ili isiite katikati ya maneno. Iweke umbali wa shibiri moja au mbili kutoka kinywani, juu ya kitambaa kilichokunjwa na si juu ya meza tupu. Kabla ya mazungumzo rekodi dakika moja ya ukimya wa mahali hapo: kuku, upepo kwenye migomba, mtoto anayelia kwa mbali. Fundi wa kuhariri atakushukuru. Jioni ileile nakili rekodi sehemu mbili tofauti, kwa kuwa simu huibiwa na huanguka mtoni.

Maswali yawe machache. "Je, maisha yalikuwa magumu?" litakupa "ndiyo" na mazungumzo yamekwisha. Mwulize: "Siku hiyo ilikuwaje tangu asubuhi?" Kisha nyamaza. Wengi wetu tuna ugonjwa wa kujaza kila kimya kwa neno la faraja, na neno hilo humfungia msimulizi mlango. Lugha iwe ile anayoiotea ndoto. Kwa wazee wengi wa huku ni Kinyakyusa, na tafsiri ya Kiswahili itafuata baadaye. Bibi anayelazimishwa kuanza kwa Kiswahili mara nyingi huanza kuhutubia.

Nani amhoji nani? Shirika la StoryCorps, lililoanza New York mwaka 2003, hukutanisha watu wawili wanaofahamiana, wakazungumza kwa dakika 40 hivi, na kwa ridhaa yao nakala huhifadhiwa katika Maktaba ya Bunge la Marekani. Tunaupenda mpango huo kwa sababu mhoji si mgeni mwenye gari la mradi. Lakini huku hauwezi kuchukuliwa mzimamzima. Monica Wilson na mumewe Godfrey, waliokaa kwa Wanyakyusa kati ya mwaka 1934 na 1938, walieleza jinsi mke wa mtu alivyomwepuka baba mkwe wake, asimtazame wala kulitaja jina lake. Desturi hiyo imelegea, lakini haijasahaulika, na wapo wazee ambao hawataketi kuhojiwa na mkamwana. Mjukuu na bibi ni jozi nzuri zaidi. Hao wana utani, na utani hufungua mengi.

Kuna mfano mwingine wa karibu, kutoka Uganda. Chama cha wanawake wanaoishi na virusi vya UKIMWI, NACWOLA, kilichoanzishwa mwaka 1992, kiliwasaidia akina mama kuandaa vitabu vya kumbukumbu kwa watoto wao: ukoo unatoka wapi, mtoto alizaliwaje, mama alipenda nini. Katika kuviandaa, wengi walipata njia ya kumwambia mtoto ukweli wa ugonjwa wao. Vitabu vile vililengwa kwa msomaji mmoja tu. Tunadhani hata kwetu rekodi nyingi ziishie hapo, kwa mtoto mmoja au familia moja. Ile itakayofika Chai FM hapa Rungwe au Baraka FM Mbeya iwe moja kati ya nyingi.

Neno kwa wafadhili wetu, na mtuwie radhi tukisema wazi. Mmezoea kupokea "hadithi za mafanikio", nasi tumezoea kuwaandikia. Zina umbo moja: alikuwa maskini, mradi ukaja, sasa anatabasamu. Tunawaomba mkubali pia kupokea simulizi ambalo halina mradi ndani yake. Mzee wa Katumba akieleza jinsi alivyomzika mwanawe, halafu kesho yake akaamka kuchuma chai kwa kuwa chai haingojei, hamtaona mahali pa kuweka nembo yetu wala yenu. Lakini mtu wa Hamburg au Minnesota aliyezika mwanawe atamsikia. Naye mzee atakuwa amesikilizwa kama mzee aliyefiwa, si kama mlengwa namba fulani.

Kwa mazungumzo ya kamati katika mkutano ujao, tunaomba mchukue haya. Someni kwa sauti aya zile juu ya Narwimba, kisha wanawake waliopo wazungumze kwanza: mjane wa kijiji chenu akifiwa leo, anakwenda kwa nani, na anaomba nini? Baada ya hapo jadilini ni nani katika usharika au parokia yenu ambaye masimulizi yake mngependa yahifadhiwe, na nani kati yenu anastahili kumketia. Asiwe lazima mwenyekiti. Mwisho amueni kadi ya kumbukumbu itakaa kwenye kabati la nani, na ufunguo utakuwa na nani. Majibu yaletwe ofisini pamoja na taarifa za robo. Kamati zitakazokuwa tayari tutazitembelea kabla ya masika, barabara za kuelekea Isange na Mwakaleli zikiwa bado zinapitika.